Kuandaa Ubao Mama wa Kompyuta ya Mezani na Kupanga BIOS Yake: Mfano wa B450 na Ryzen 5 5600

Mwongozo huu unaifuata mashine moja tangu vifaa vikiwa mezani hadi inapokuwa tayari kusakinishiwa mfumo endeshi. Ubao mama, au mazabodi kama mafundi wengi wanavyouita, ni MSI B450 Tomahawk Max. Prosesa ni AMD Ryzen 5 5600. RAM ni vijiti viwili vya DDR4 vya GB 8 kila kimoja, vilivyoandikwa kasi ya 3200. Diski ni SSD ya M.2, na kadi ya picha ni ya mtumba. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu una mtego mmoja unaofundisha mengi. Ubao huu ulitoka mwaka 2019 ilhali prosesa ilitoka Aprili 2022, kwa hiyo ubao uliokaa dukani muda mrefu unaweza kuwa na BIOS (programu ndogo iliyo ndani ya ubao, inayoiamsha kompyuta kabla ya mfumo endeshi) isiyoitambua kabisa prosesa hiyo. Mwenye ubao wa kampuni nyingine atakuta menyu zina majina tofauti, lakini hatua za kazi ni zilezile.

Hatua hizo zina utaratibu wake, na utaratibu ndio ninaousisitiza kuliko kitu kingine chochote: kwanza vifaa, pili toleo la BIOS, tatu mipangilio, na mfumo endeshi uje mwisho. Kusasisha BIOS hurudisha mipangilio yote ya kiwandani, kwa hiyo anayepanga kwanza na kusasisha baadaye atapanga mara mbili. Vivyo hivyo, anayesakinisha Windows kabla ya kuamua namna diski itakavyowaka anaweza kulazimika kuisakinisha upya baada ya wiki moja, faili zake zikiwa tayari zimo ndani.

Kabla ya kuwasha

Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika kifaa chochote, ili umeme tuli ulio mwilini utoke, na fanya kazi mbali na zulia. Prosesa za soketi ya AM4 zina pini 1331 upande wa chini, nyembamba na laini kiasi kwamba ukiziegemeza kidogo tu kwenye meza zinapinda. Tafuta pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona ya prosesa, ilinganishe na pembetatu iliyochorwa kwenye soketi, inua mkono wa chuma, kisha iache prosesa ishuke kwa uzito wake yenyewe. Ikikataa kukaa, usiikandamize. Iinue uangalie tena mwelekeo wake. Kipozeo kinachokuja na prosesa hii hufungwa kwa skrubu nne zinazoingia kwenye bamba la nyuma ya ubao, hivyo vile vishikio viwili vya plastiki vilivyo kando ya soketi lazima vifunguliwe kwanza. Chini ya kipozeo kipya tayari kuna pesti ya kupitisha joto. Kikishagusa prosesa kisha ukakitoa, futa pesti yote na upake nyingine, kwa sababu iliyokwisha kukandamizwa huacha mapengo ya hewa.

Ubao una nafasi nne za RAM. Vijiti viwili huwekwa katika nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kuanzia kwenye prosesa, nazo zimeandikwa DIMMA2 na DIMMB2. Ukiviweka ya kwanza na ya pili, kompyuta itawaka, lakini vijiti vyote viwili vitapita katika njia moja na utapoteza sehemu kubwa ya kasi uliyoilipia. Kandamiza kila kijiti mpaka kishikizo kijifunge kwa mlio, kwa maana RAM iliyoingia nusu ndiyo chanzo cha skrini nyeusi ambacho nimekutana nacho mara nyingi kuliko vyote.

Nyaya za umeme ni mbili, na zote ni za lazima: ile pana ya pini 24, na ile ya pini 8 inayoingia juu kushoto, karibu na prosesa. Hii ya pili husahaulika, na dalili yake ni feni kuzunguka huku skrini ikiwa kimya. Isichanganywe na ile ya pini 6 na 2 ya kadi ya picha. Umbo linafanana lakini mpangilio wa umeme ndani yake ni tofauti.

Zinabaki zile nyaya nyembamba zinazotoka mbele ya kasha, ambazo huwasumbua wengi bila sababu. Katika ubao huu huingia kwenye pini 9 zilizoandikwa JFP1, zilizopangwa kwa safu mbili. Waya wa swichi ya kuwashia huingia pini ya 6 na ya 8, wa kuanzisha upya pini ya 5 na ya 7, taa ya diski pini ya 1 na ya 3, na taa ya umeme pini ya 2 na ya 4. Swichi hazina upande wa chanya wala hasi, lakini taa zinao; taa isiyowaka igeuze tu. Ukitaka kujua kama kosa liko kwenye swichi ya kasha au kwenye ubao, zigusishe pini ya 6 na ya 8 kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Mashine ikiwaka, ubao ni mzima na swichi ndiyo mbovu.

Jambo la mwisho kabla ya kuwasha ni waya wa skrini, nami nalisema kwa aibu kidogo. Niliwahi kuifungua na kuifunga upya mashine kama hii mara mbili usiku mmoja, nikabadilisha RAM, nikatoa hata prosesa kuitazama pini zake, kumbe nilikuwa nimechomeka HDMI kwenye ubao mama badala ya kwenye kadi ya picha. Ryzen 5 5600 haina sehemu ya ndani ya kutoa picha. Ni 5600G ndiyo inayo. Tundu la HDMI la ubao lipo, linapendeza, na kwa prosesa hii halitoi chochote.

Toleo la BIOS

Ubao huu una taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Mashine inapowaka, hujijaribu kwa zamu, na taa ya sehemu yenye tatizo hubaki inawaka. Taa ya CPU ikikwama ilhali prosesa imekaa vizuri na waya wa pini 8 upo, ishuku BIOS kuwa ya zamani.

Tomahawk Max ina kitufe nyuma kilichoandikwa Flash BIOS, chenye uwezo wa kuandika BIOS mpya hata pasipo prosesa wala RAM. Pakua faili kutoka ukurasa wa ubao huohuo katika tovuti ya mtengenezaji, ukilinganisha jina neno kwa neno, kwa kuwa Tomahawk na Tomahawk Max ni bao mbili tofauti zenye faili tofauti. Iandae flashi kwa mfumo wa FAT32, weka faili peke yake bila kabrasha, na ulibadilishe jina liwe MSI.ROM. Hapo ndipo wanaotumia Windows hukwama: kama kompyuta imeficha viambishi vya majina ya faili, yaani zile herufi za mwisho baada ya nukta, utadhani umeandika MSI.ROM kumbe faili bado ina kiambishi chake cha awali. Fungua uonekano wa viambishi kwanza. Chomeka flashi katika tundu la USB lililowekewa alama nyuma ya ubao, hakikisha pawa saplai imewashwa na nyaya za pini 24 na pini 8 zimeunganishwa, kisha bonyeza kitufe hicho bila kuiwasha kompyuta. Taa itapepesa kwa dakika kadhaa. Ikizimika yenyewe, kazi imekwisha.

Kama mashine inawaka na BIOS inafunguka, kuna njia nyepesi zaidi inayoitwa M-Flash ndani ya BIOS yenyewe, ambayo hukuonyesha faili zilizomo kwenye flashi na kukuuliza uthibitisho. Kwa njia yoyote ile, umeme usikatike katikati. Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, kazi hii hufanywa mashine ikiwa kwenye UPS, au huahirishwa. Sioni njia ya tatu. Ubao wenye kitufe cha nyuma unaweza kufufuliwa kwa kurudia hatua zilezile, lakini ubao usio na kitufe hicho huhitaji fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu moja kwa moja.

Usichukue toleo lililoandikwa beta, yaani la majaribio, kama lipo la kawaida linaloitambua prosesa yako. Na ikiwa unaisasisha kompyuta ambayo tayari ina Windows yenye BitLocker (kufuli la Windows linalosimba diski), isimamishe BitLocker kwa muda au uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48 mkononi, kwa sababu BIOS ikibadilika Windows inaweza kuudai mara tu utakapowasha.

Mipangilio inayostahili kuguswa

Ingia BIOS kwa kubonyeza kitufe cha Delete mfululizo mara tu unapowasha. Bao nyingi hutumia Delete au F2. Kompyuta za ofisini zilizokwisha kutumika huwa na vitufe vyake, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Ukurasa wa kwanza wa MSI unaonyesha jina la prosesa, kiasi cha RAM na joto. Hakikisha imeandikwa GB 16 na si 8, weka saa na tarehe sahihi, kisha bonyeza F7 uingie kwenye menyu pana. Ukitaka kumbukumbu ya ukurasa wowote, F12 huuhifadhi kama picha kwenye flashi.

Anza na namna ya kuwaka. Chini ya Settings, Advanced, Windows OS Configuration kuna chaguo liitwalo BIOS UEFI/CSM Mode. CSM ni uigaji wa BIOS ya kizamani, na kwa kawaida huenda pamoja na diski iliyogawanywa kwa MBR, mfumo usioweza kutumia zaidi ya TB 2 za diski moja. UEFI, njia mpya ya kuwaka, huenda na mgawanyo wa diski wa GPT, ambao hauna kikwazo hicho. Chagua UEFI. Lakini iangalie kadi ya picha kabla ya kufanya hivyo, hasa ya mtumba: kadi nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2012 hazina programu ya ndani inayoielewa UEFI, na ukizima CSM skrini itabaki nyeusi tangu mwanzo. Hilo likitokea mashine haijafa. Fuata maelezo ya kufuta mipangilio yaliyo mbele.

Kwa mwenye Windows 10 iliyokwisha kusakinishwa kwa njia ya zamani, ndani yake kuna programu iitwayo mbr2gpt inayoigeuza diski bila kufuta faili. Hutangulia hiyo, ndipo BIOS hubadilishwa. Ukigeuza utaratibu huo, ukaanza na BIOS, diski haitawaka mpaka urudishe CSM. Nakala ya faili muhimu iwe pembeni hata hivyo.

Pili ni kasi ya RAM, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha zao bila kujua. Kijiti kilichoandikwa 3200 mara nyingi huanza kwa 2133, 2400 au 2666, kasi ya tahadhari ambayo ubao hujichagulia. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi imehifadhiwa ndani ya kijiti kama wasifu unaoitwa XMP. MSI huuita A-XMP kwenye bao za AMD, na ASUS huuita DOCP. Uwashe, uchague wasifu wa kwanza, na utaona kasi ikipanda hadi 3200 na volti zikipanda kutoka 1.2 hadi 1.35 kwa vijiti vingi. Usiandike namba hizo kwa mkono; wasifu huweka pia muda wa kusubiri wa kumbukumbu, ambao hauonekani kwa mbele. Ryzen ya kizazi hiki hufaidika na RAM ya kasi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu njia inayounganisha sehemu za ndani za prosesa hufuata mwendo wa RAM.

Baada ya kuhifadhi, mashine inaweza kubaki giza kwa dakika nzima, au kujizima na kuwaka mara mbili au tatu. Inajifunza RAM kwa kasi mpya. Iache. Ikishawaka, ijaribu RAM kwa MemTest86 kutoka kwenye flashi, mizunguko minne kamili, ukiiacha usiku. Kosa hata moja halikubaliki, kwa kuwa RAM inayokosea mara moja kwa usiku ndiyo inayoharibu faili bila kuonyesha dalili. Makosa yakitokea, shusha hadi 3000 na ujaribu tena kabla ya kulilaumu duka.

Tatu ni usalama ambao Windows 11 inaudai tangu ilipotoka Oktoba 2021: TPM 2.0 (hifadhi ya funguo za siri), UEFI na Secure Boot (ukaguzi unaozuia programu isiyo na saini kuwaka). Huhitaji kununua chipu ya ziada, kwani prosesa inayo TPM ya ndani. Ifuate katika Settings, Security, Trusted Computing, uwashe Security Device Support na uhakikishe AMD fTPM ndiyo iliyochaguliwa. Kwenye mashine za Intel jina lake ni PTT. Secure Boot haitakubali kuwashwa mpaka CSM izimwe, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na UEFI. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kwa mashine mpya nisingejenga juu ya msingi mwingine zaidi ya Windows 11, ila kwa anayetumia Linux.

SVM Mode, iliyofichwa chini ya OC na CPU Features, huruhusu kompyuta kuendesha mfumo mwingine ndani yake, na bila hiyo VirtualBox na programu za kuigiza simu za Android hukataa au hujikokota. Kwenye Intel ni VT-x. Iwashe hata kama leo huihitaji, haigharimu chochote.

Feni zinahitaji muda kidogo zaidi, hasa kwetu tunaofanya kazi katika vyumba vya nyuzi 32. Fungua Hardware Monitor. Feni yenye waya nne hupangwa kwa PWM na yenye waya tatu kwa DC. Ukikosea, feni ya waya tatu itazunguka kwa kasi yote muda wote. Mkondo wa kiwandani umepangwa kwa kuwaza chumba cha baridi, ambamo prosesa isiyofanya kazi hukaa karibu na nyuzi 35, kwa hiyo feni hupanda na kushuka kila unapofungua ukurasa mmoja wa intaneti. Mimi huweka feni ya prosesa kwa asilimia 40 hadi nyuzi 55, asilimia 65 kwenye nyuzi 70, na asilimia 100 kuanzia 80. Vilevile ongeza muda wa kusubiri kabla ya feni kubadilika, na kelele ya kupanda na kushuka itakoma.

Kuhusu umeme, katika Power Management Setup lipo chaguo la Restore after AC Power Loss. Kompyuta ya nyumbani iachwe Power Off, ili umeme unaporudi na kukatika tena mara tatu ndani ya dakika tano mashine isiwake na kuzimika nao. Ile ya kamera za ulinzi, au ya seva ya duka, iwekwe Power On.

Hali ya SATA, yaani namna ubao unavyozungumza na diski, iachwe AHCI, ambayo ni ya kawaida. Nalitaja kwa sababu kompyuta nyingi za ofisini zilizotumika huja zikiwa RAID (hali ya kuunganisha diski kadhaa) hata zikiwa na diski moja, na anayesakinisha Linux hushangaa kuona diski haipo. Ukibadilisha kwenda AHCI wakati Windows imekwisha kusakinishwa, itakuja skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Rudisha RAID, iambie Windows iwake kwa hali salama (Safe Mode), badilisha kwenda AHCI, iwashe mara moja katika hali salama hiyo, kisha uitoe.

Yaliyobaki, yaani volti za prosesa, namba ndogondogo za muda wa RAM na vichupo vya kuongeza mwendo kupita kiwango cha kiwandani, yaache. Prosesa hii hujipandisha yenyewe hadi 4.4 GHz kadiri joto linavyoruhusu.

Ukibonyeza F10, MSI huonyesha orodha ya kila kilichobadilika, cha zamani upande mmoja na kipya upande wa pili. Isome yote kabla ya kukubali. Ukiona mstari usioukumbuka, kidole kiliteleza mahali, rudi ukaurekebishe.

Mashine isipowaka baada ya mabadiliko

Zima pawa saplai kwa swichi ya nyuma, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Tafuta pini mbili zilizoandikwa JBAT1. Bao za ASUS huziita CLRTC. Zigusishe kwa bisibisi kwa sekunde 10, rudisha umeme na uwashe. Pini zisipofikika kwa sababu kadi ya picha imezifunika, toa betri ya CR2032 kwa dakika tano na uirudishe maandishi yakitazama juu. Mipangilio itarudi kuwa ya kiwandani, mashine itachukua muda kuwaka, na utaanza upya ukibadilisha jambo moja kwa wakati, ukihifadhi na kuwasha kila mara, mpaka ulikute lile lililoiangusha.

Betri hiyohiyo ya volti 3 ikichoka, saa hurudi nyuma kila mashine inapochomolewa ukutani, na dalili ya kwanza utakayoiona huenda isiwe saa bali kivinjari kinachokataa kufungua tovuti za benki kwa kudai vyeti vyake si halali. Ibadilishe, weka saa, kisha uingie BIOS kuangalia kama A-XMP na UEFI bado zimesimama pale ulipoziacha.